Ukurasa Uliokatwa Katika Kitabu cha Masanja

Mjukuu wangu Kabula,

Marahaba. Hapa kijijini Didia, bibi yako amepona kikohozi, ila mtama umekauka.

Unaniuliza kama kitabu cha nyota ulichokikuta sandukuni ni cha chapa ya kwanza, maana umepata mnunuzi. Hutazamwa nyuma ya ukurasa wenye jina la kitabu: ukiwapo mwaka mmoja tu, bila miaka ya kuchapwa tena, ndicho. Lakini ukurasa huo haumo.

Kilikuwa cha marehemu kaka yangu Masanja, aliyefia mgodini Geita nikiwa kijana. Siku ya kugawa vitu vyake, mama alichagua kitabu.

"Wifi, tangu lini unasoma?" shangazi yangu akamtania.

"Nasoma hapa," mama akajibu, kidole kikiwa juu ya jina la Masanja, aliloliandika marehemu mwenyewe kwa wino kwenye ukurasa huo wenye jina la kitabu. Akaukata ukurasa ule kwa kisu, akaufunga katika pindo la kanga. Kitabu akanipa mimi.

Nyuma ya ukurasa ule niliuona mwaka, nao ulikuwa mmoja. Mama alipofariki tulimzika na ukurasa wake, kama alivyoagiza. Mwambie mnunuzi kwamba hatuna ushahidi. Usimweleze ukurasa ulipo.

Babu yako