Manjano kwa Khamis Yangu

Diriye war, rafiki yangu, niko kwao Ifrah, nimekuja kumuomba kwa babake. Nimekwisha!

Mchuzi ilimwagikia khamis yangu nyeupe, kanzu yangu ya posa. Nikakimbia bafu, nikapaka sabuni. Wallahi hiyo doa ikageuka nyekundu kama damu!

Natoka, mzee anaruka: "War, umechinja nani kwa bafu yangu?"

UMECHINJA NANI. Mimi!

Ifrah akaleta ndimu, anakufa na kicheko, akamwambia babake: "Aabo, ni manjano ya mchuzi tu. Sabuni inaifanya nyekundu, ndimu inairudisha." Akakamua. Ikarudi njano!

Mzee akaishika, akaiangalia. Nikajua sasa anakubali.

Akasema, "Vua hiyo khamis."

Sai nimefunga macawis ya mzee, kikoi yake. Mzee ameita majirani waone hiyo doa ikigeuka; wamejaa, kila mtu anataka kupaka sabuni. Harusi hakuna mtu anaongelea!