Yalikokwenda Masafa ya Runinga Yako

Baba,

Shikamoo. Nimeandika salamu, kisha nikangoja kidogo kama mjinga, nikitarajia ile marahaba yako ndefu ya kuvuta, yenye kicheko ndani yake. Haikuja. Basi naendelea.

Nimeolewa, Baba! Hina bado iko mikononi, imeiva mpaka kwenye kucha, na kila nikiitazama natabasamu peke yangu. Anaitwa Salim, wa Matsangoni. Ana sauti ya pole, na akicheka hufunga macho kabisa. Asubuhi huniamsha kwa chai ya tangawizi aliyoipika mwenyewe, sukari imezidi, nami nainywa yote na kumwambia ni tamu. Na kweli ni tamu. Sikujua kuwa mtu anaweza kumpenda mtu hivi, hata kikombe alichonywea unakiona kizuri. Nakuambia wewe kwa sababu Mama hapendi mambo haya yasemwe kwa sauti, na kwa sababu wewe ndiye niliyetaka awe wa kwanza kumwona.

Siku ya nikaha, ndugu yako Ami Bakari aliketi mahali pako. Mimi nilikuwa chumba cha ndani na wanawake. Jina langu liliposomwa, likafuatwa na lako, vigelegele vilipanda, nami nikalia mpaka wanja ukashuka shingoni. Wakasema, "Mwacheni, furaha hiyo." Nikawaacha waamini.

Kazi ya Salim ni kupanda minara ya simu. Yeye na wenzake ndio waliokuja kusimamisha mnara mpya hapa Ngomeni, kwenye njia uliyokuwa ukiifuata kwenda kazini kwenye mashamba ya chumvi. Siku ya kwanza alipiga hodi kuomba maji. Nilipotoka na kopo nilimkuta ameinua kichwa, anaitazama boriti yako ya mkoko, ile uliyoifunga kwenye pembe ya nyumba, yenye antena juu. Hakunitazama mimi, Baba. Alitazama boriti!

"Nani aliyeifunga hii?"

"Baba yangu."

"Yuko wapi nimsalimie?"

Nikamwonyesha kwa mkono upande wa makaburini. Akashusha kopo, akasema taratibu, "Mungu amrehemu. Upepo wote huu, na hakuna fundo hata moja lililolegea." Hapo ndipo nilipokwisha mimi.

Unakumbuka tulivyokuwa tukifanya? Kabla ya taarifa ya habari, wewe nje umeikumbatia boriti, mimi ndani nimeikodolea macho runinga. Picha ilikuwa na chenga tupu, kama mtu anapepeta mchele. Ulikuwa ukiuliza, "Sasa je?" Nami nikipiga kelele, "Bado! Umepita! Rudi kidogo!" Msomaji wa habari alianza kuwa kivuli, kisha akapata mabega, kisha uso. "Hapo! Hapo hapo! Usiguse!" Ukiiachia tu boriti, uso unapotea, na Mama anacheka mpaka anajishika mbavu: "Itabidi ulale hapo nje, mume wangu, ukiikumbatia hiyo kuliko mimi."

Kisha wakasema analojia inazimwa nchi nzima, kila mtu atafute king'amuzi. Ulikwenda Malindi ukarudi na kile kisanduku kimefungwa kwenye kikoi kama mtoto mchanga. Picha ikaja safi, bila chenga hata moja, na stesheni ambazo hatukujua kuwa zipo. Mama alifurahi. Wewe uliitazama, kisha ukasema, "Hii haina huruma. Ama ipo, ama haipo. Ile ya zamani ilikuwa ikikuaga."

Nimeyafikiria sana maneno hayo, Baba. Sana.

Na lile swali lako. Ulimuuliza muuza ving'amuzi, ukamuuliza mwalimu, ukamuuliza hata imamu baada ya sala ya Ijumaa: "Sawa, wamezima. Sasa yale masafa ya zamani wameyapeleka wapi?" Wakakucheka. "Mzee Athumani, hewa ni hewa, inakwenda wapi?" Ulirudi nyumbani umenuna. Kitu kilichobeba sauti na sura za watu miaka yote, ulisema, hakiwezi kuachwa tu kikiwa kitupu. Lazima kuna mtu amekichukua.

Nimepata jibu, Baba. Nimeolewa nalo.

Nilimwomba Salim anieleze kama angekueleza wewe, na yeye, mpenzi wangu huyu, akachora kwa kijiti mchangani vile vidimbwi vyako vya chumvi. Zamani, alisema, kila stesheni ilihitaji kidimbwi chake kizima angani. Dijitali inazibana stesheni nyingi ndani ya kidimbwi kimoja. Vilivyobaki vitupu, vingi vyake vimepewa simu. Na ni vidimbwi vizuri, kwa sababu masafa yale hufika mbali na hupenya kuta. Ndiyo maana mnara mmoja sasa unatosha Ngomeni yote, mpaka kwa watu walioko ndani kabisa huko kwenye mikoko.

Nilimsikiliza, nikamshika mkono, kisha nikainuka nikaenda nyuma ya nyumba. Alidhani nimechoka na maelezo. Mimi nilikuwa nimekumbuka simu yetu ya mwisho.

Nilikuwa Mtwapa, kwenye kile chumba cha kupanga. Ulikuwa umesimama uani chini ya boriti, kwa sababu ndipo palipokuwa na netiweki kidogo. Sauti yako ilikuja vipande vipande. Nami nikazunguka chumba chote, mara dirishani, mara mlangoni, nikisema, "Baba, sikusikii." Ghafla ikaja wazi kabisa, nawe ukacheka: "Hapo! Hapo hapo, mwanangu! Usiguse!" Nikasimama kama mti. Nikangoja useme neno ulilonipigia. Ikakatika. Nilipiga tena na tena. Asubuhi Ami Bakari ndiye aliyepiga, kutoka barabarani penye netiweki, kunipa habari ya msiba wako, na sauti yake yeye ilikuwa wazi.

Sijui ulitaka kuniambia nini. Masafa yako yalikuwa tayari yako huru huko juu, Baba. Hakukuwa na mnara wa kuyashusha hapa. Mnara umekuja wewe ukiwa umeshaondoka.

Basi sasa nikwambie lililotokea, kwa sababu karibu ndoa yangu ianze na uadui. Mnara ulisimama muda mrefu bila kuwashwa, ukaja kuwashwa wiki ile ya harusi yetu. Simu zikanguruma, watoto wakapiga mayowe, Ami Bakari akamwona mwanawe aliyeko Maskati uso kwa uso kwenye simu. Na siku hiyo hiyo runinga yako ikazimika. Maandishi tu kwenye kioo: hakuna mawimbi.

Unajua runinga ile ni nini kwa Mama. Tangu atoke eda, kila magharibi hukiweka kiti chako pale pale, akakaa kwenye mkeka kando yake, wakaangalia habari pamoja, yeye na kiti. Sasa akawa anakaa mbele ya kioo cheusi. Nilipokwenda kumwona hakuuliza habari za nyumbani kwangu. Alisema, "Mumeo ameiua runinga ya marehemu. Kwanza mnara, kisha binti yangu, sasa hata sauti ya ndani mwangu. Mwambie nimemkabidhi vya kutosha."

Nililia njia nzima. Salim akasikiliza, akapiga paji la uso: "Ile busta!"

Ile uliyoifunga juu ya antena kukuza mawimbi, Baba, ulipoona dijitali inasuasua. Ulifanya vizuri, ndivyo kila mtu hapa alivyofanya. Lakini busta inavuta kila kitu, hata yale masafa ya zamani, kwa kuwa yenyewe haijui kuwa wenyewe wamehama. Sasa yana mwenyewe mpya, naye ana sauti kubwa. Runinga inanong'ona kutoka Malindi, mnara unapiga ngoma hapo kando, king'amuzi kinaziba masikio. Dawa ni kuitoa tu, kwani siku hizi antena yenyewe inatosha.

Tukaenda. Salim amevaa kanzu, shikamoo yake ameitoa kutoka nje ya ua kwa adabu zote. Akaomba ngazi. Mama akatoka mlangoni: "Mkwe apande juu ya paa langu? Akanyage juu ya kichwa changu mimi mzima? Mambo haya ya wapi?"

Mtu anayepanda minara inayogusa mawingu akashusha kichwa, akarudi nyuma mpaka nje ya ua, akasimama juani.

Basi nikapanda mimi. Bi harusi, Baba, na hina yangu! Mabati yalikuwa ya moto, leso nimeikaza kiunoni, jirani wanapita wakiuliza, "Bi harusi, umeachwa tayari?" Nikazikuta nati zako zimejaa grisi, ile uliyokuwa ukizipaka ili chumvi isizile. Bado ilikuwa laini. Niliishika, ikanibaki vidoleni juu ya hina.

Kisha nikaitoa busta, nikaunga waya kama Salim alivyonionyesha. Nikaikumbatia boriti. Nikaigeuza polepole kuelekea Malindi, nikauliza, "Sasa je?"

Mama hakuwahi kuifanya kazi ile ya kujibu kutoka ndani, ilikuwa yangu. Nikageuza tena. "Mama, sasa je?" Kimya. Na dijitali haikupi kivuli wala mabega ya kukutia moyo. Nikaanza kuona nitaishusha mikono, nimwambie Salim twende zetu.

Ndipo Mama akajibu kutoka ndani, kwa sauti ambayo sijaisikia kwake tangu tukuzike:

"Hapo! Hapo hapo! Usiguse!"

Niliikumbatia boriti yako nikalia, Baba, paji langu limegusa mkoko. Nilisikia mtu anasoma habari. Nilimsikia Mama anatoka hadi uani. Akatazama kule nje, akamwona mume wangu amelowa jasho ndani ya kanzu ya harusi. "Na wewe mwanangu, mbona umesimama juani kama mgeni? Ingia ndani unywe maji." Akamkalisha kwenye mkeka. Kwenye kiti chako hapana, bado.

Salim anasema huenda siku moja hata kidimbwi kile kimoja kitaombwa na simu, na watu wataangalia kila kitu kwa intaneti. Wakubwa bado wanajadiliana. Mama akauliza, "Na asiye na bando je?" Nilijua ungeuliza hivyo hivyo, na ungemuuliza hata imamu.

Nakuaga, Baba. Mungu akupe nafasi na nuru huko uliko. Boriti haitang'olewa nikiwa hai, hata iwe haina kazi. Nimemwomba Salim kopo la grisi, na kila nikija kumwona Mama nitapanda nizipake nati zako. Lile neno ulilotaka kuniambia sitalijua, nami nimeacha kulitafuta. Lakini kwenye simu ile uliniambia nisisogee, na kwa kukupenda sijasogea.

Mwanao,
Siti