Syokau wa Cherehani na Mabibi Wake wa Filamu

Mwaka mmoja umetimia, Syokau, tangu cherehani yako inyamaze. Ulituacha Jumanne, saa tisa mchana, ukiwa na miaka sabini na moja. Kibandani kwako sokoni Tawa kulikuwa na sketi tatu za shule zikingoja vifungo. Wenyewe walikuja, wakalia sana, halafu wakauliza kwa upole ni nani sasa atakayeweka vifungo.

Ulikuwa mtu wa huruma. Mama akikuletea kitambaa kisichomtosha, hukumrudisha nyumbani na aibu; ulitafuta kipande kingine kwenye gunia lako, ukakiunganisha mahali ambapo jicho halifiki. Ukikuta mteja amenenepa, uliandika namba kimya kimya bila kuitamka. Chai yako ilipoa mezani kila siku kwa sababu ulikuwa unaeleza jambo, na jambo lenyewe karibu kila mara lilikuwa filamu.

Filamu ulizipata Makindu, ukiwa msichana wa miaka kumi na minne, ulipofanya kazi ya nyumba kwa familia moja ya watu wa reli. Jumapili alasiri walifunga mapazia, wakatundika shuka jeupe ukutani, na mashine ya picha ikaanza kutatarika. Zilikuwa filamu za zamani za Hollywood, zisizo na rangi. Wengine chumbani walitazama hadithi. Wewe, ukiwa umesimama mlangoni na sinia, ulitazama mishono.

Ulirudi nyumbani na wale wanawake kichwani, na hawakutoka tena. Majina yao uliyajua yote, lakini ulisema hayo waliitwa na mama zao. Huku Tawa wewe ungewaita unavyowaona. Kulikuwa na Bibi wa Ngazi, ambaye hakuna filamu yake asimoshuka ngazi. Kulikuwa na Mama Nyusi, aliyeweza kugombana na mwanamume kwa nyusi peke yake. Na kulikuwa na yule uliyempenda kuliko wote, Wayua wa Glavu, mwembamba kama wale watoto wa mwaka wa njaa tunaowaita Wayua, lakini glavu hazimtoki mkononi hata akinywa maji.

Rafiki yako Mwanamisi, muuza vitambaa wa Kitui, alikuwa na ugonjwa kama wako. Siku ya soko alikuletea kanda za video chini ya marobota, na mkaanza.

"Huyo Mama Nyusi wako anatembea kama askari," alikuwa akikuchokoza.

"Askari? Hebu tembea wewe na kiuno kile kimefungwa namna ile, tuone kama hutaanguka."

"Nikianguka, bibi we, nitaanguka kwa heshima. Kata kitambaa, watu wanangoja."

Mtu mmoja hakucheka. Kathini, mdogo wako, alikuwa kando akikunja nguo na kuomba. Wewe ulifika darasa la nne. Yeye alibaki na mbuzi, na kusoma hakujua. Maombi ndiyo aliyoyajua vizuri. Alikuombea kwa sauti, ukiwa hapo hapo.

"Bwana, mwondolee dada yangu hawa wanawake wa Hollywood."

"Amina," ulijibu bila kuinua kichwa. "Lakini Wayua umwache, Bwana."

Kathini alikasirika wiki nzima. Leo angetoa chochote asikie tena ile Amina.

Jambo tunalotaka kulisema, Syokau, ni la daftari lako kubwa. Sokoni wengi walilisikia nusu. Kathini ametuomba tuliseme lote.

Ilikuwa Agosti ya mwaka 1998. Mhubiri mgeni alifanya mkutano wa injili kule Mbumbuni, siku tatu, mchana, katikati ya uwanja wakiwa wameweka pipa la moto. Siku ya mwisho kila mtu aliambiwa alete kitu cha dunia kichomwe. Watu walileta karata, hirizi, kaseti za dansi, kiko cha babu. Kathini alizunguka nyumba yake asubuhi ile akitafuta. Hakuwa na kitu. Alikuwa ameokoka tangu ujana, na nyumba yake ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Aliona aibu kwenda mikono mitupu mbele ya waumini. Akakumbuka daftari lako.

Alikuwa ameliona mara nyingi kwenye rafu, juu ya cherehani. Lilikuwa na jalada gumu, na ndani yake picha ulizokata kwenye magazeti tangu usichana, ukazibandika kwa gundi ya unga. Aliwaona mabibi wenye mabega wazi na midomo myeusi, na chini ya kila mmoja maandishi yako ya kalamu nyekundu, na namba. Hakujua yanasema nini. Alijiambia ni majina ya mapepo. Alilitia kwenye kikapu, akafunika na leso, akaenda zake Mbumbuni amevaa gauni lake la buluu lenye mkanda, lile bora kuliko yote uliyomshonea.

Watu walimpigia makofi. Mhubiri alimshika kichwa. Kathini anasema hajawahi kufurahi vile, na hilo ndilo linalomuuma kuliko moto wenyewe.

Ulirudi jioni kutoka Kitui ulikokwenda kununua nyuzi, ukatazama rafu.

"Kathini, daftari langu liko wapi?"

"Nimelipeleka mbele za Bwana."

"Bwana alilitakia nini?"

"Limechomwa."

Ulikaa kwenye kiti chako. "Wote?"

"Wote."

Kisha ukamwangalia mikono. "Na wewe, moto haukukuunguza?"

Akasema hapana. Ukageukia cherehani, kwa sababu sare za kwaya zilitakiwa Jumapili.

Hukulitaja tena, kwa miaka ishirini na sita. Hukumnyima salamu wala chai. Tulifikiri umesahau. Miaka minne iliyopita, madarasa ya ngumbaru yalipofunguliwa jioni pale shuleni, wewe ndiye uliyemshika Kathini mkono ukampeleka, mwanamke wa miaka hamsini na minane, akilalamika njia nzima kwamba watamcheka. Ulimshonea na mfuko wa vitabu wenye kifungo. Alipoweza kusoma jina lake, ulifunga kibanda mapema, mkala chapati.

Halafu ukaugua. Mikono yako ikakosa nguvu, hata simu ikakushinda kushika. Alhamisi moja alasiri, siku tano kabla hujatuacha, binti yako Kanini alikutafutia kwenye simu filamu moja ya Wayua wa Glavu, akatoka kwenda kukutafutia dawa. Ukamwita Kathini.

"Mwanaa mwaitu, njoo unishikie."

Mtoto wa mama yetu. Ukimwita hivyo hakuweza kukukatalia. Alikuja, akakaa kitandani, akakushikia simu mbele ya macho yako. Lakini yeye aligeuza uso ukutani, akafumba macho na kuanza kuomba.

"Angalia mkono wa hilo gauni, Kathini."

"Siangalii."

"Mara moja tu. Nina sababu."

"Nimefunga, Syokau. Usinijaribu."

"Haya, basi nitakuambia." Na ukamwambia, kwa sauti ile iliyokuwa inakatika. "Mkono unashuka hadi kwenye kiwiko, halafu unakazwa. Vifungo vidogo, saba. Sasa anasimama. Sasa amemgeukia yule bwana. Wee! Umeona alivyogeuka? Hujaona. Gauni limegeuka nyuma yake, limechelewa kidogo kama mtu aliyeitwa mara ya pili."

Ukacheka, ukakohoa. Kathini alishika simu kwa saa moja na nusu, mkono wake ukafa ganzi, na hakutazama hata mara moja. Wakati ule aliona ameshinda. Jumanne ukaenda.

Baada ya matanga, Kanini alifungua sanduku lako la bati. Ndani hamkuwa na picha hata moja. Mlikuwa na karatasi za kukatia nguo, zile ulizozikata kutoka mifuko ya saruji, zimefungwa kwa matambara mafungu mafungu. Juu ya kila moja kulikuwa na maandishi yako ya kalamu nyekundu. Kanini alitaka kusoma, lakini Kathini akasema, "Niachie." Alisoma kwa kidole, polepole, kama walivyomfundisha.

*Kwaya ya kina mama. Kutoka kwa Wayua wa Glavu. Ongeza mkono, funika bega.*

*Mke wa mzee wa kanisa. Kutoka kwa Mama Nyusi. Kiuno aachiwe apumue.*

*Kathini, arusi. Kutoka kwa Bibi wa Ngazi. Pandisha shingo, mchungaji ni mkali.*

Hapo kidole kilisimama. Hivyo ndivyo mdogo wako alivyojua kwamba aliolewa akiwa amevaa gauni la Bibi wa Ngazi, na kanisa zima likasema halijaona bibi arusi mwenye staha kama yeye. Akaendelea, ingawa alishaogopa lijalo. *Kathini, gauni la buluu la mkanda. Kutoka kwa Mama Nyusi.* Ndilo alilovaa Mbumbuni, akisimama mbele ya pipa.

Mwanamisi alitueleza yaliyobaki. Maandishi ya daftarini yalikuwa hayo hayo: majina ya wanawake wa Tawa na vipimo vyao, kila mmoja chini ya bibi uliyemchagulia. Ulificha siri hiyo kwa sababu ulijua mama wa kanisa akiambiwa gauni lake limetoka Hollywood, atalivua pale pale kibandani. Baada ya moto uliyakata magauni yale upya kwenye karatasi hizo, kwa kumbukumbu, ukiwa umefumba macho. Basi aliyechomwa hakuwa pepo, Syokau. Tulichomwa sisi, na Kathini mwenyewe akiwa ukurasa wa tano.

Ameomba tangu siku hiyo. Mchungaji amemwambia Mungu alishasamehe, naye anaamini. Lakini anasema daftari halikuwa la Mungu. Lilikuwa lako, na wewe hakukuomba radhi. Miaka ishirini na sita alikuwa na nafasi kila asubuhi, wewe ukikoroga chai na yeye akikunja nguo, na alichokisema ni habari za mvua.

Chini kabisa ya sanduku kulikuwa na karatasi moja isiyofungwa na zingine. Mwandiko wako hapo ulitetemeka. *Kathini, siku ya kusoma kanisani. Kutoka kwa: achague mwenyewe.* Mwili wa gauni ulikuwa umekatwa. Mikono haikukatwa.

Sasa tunajua kwa nini ulimwambia una sababu.

Ilimchukua Kathini miezi saba. Februari mwaka huu alipanda gari hadi Kitui, akaingia dukani kwa Mwanamisi, akasema, "Niwekee ile ya Wayua wa Glavu. Ile ya vifungo saba."

Mwanamisi alimtazama. "Wewe? Na utafumba macho?"

"Sifumbi."

Waliketi wawili nyuma ya duka, kati ya marobota. Kathini anasema alijua kila kitu kabla hakijafika. Alijua yule bwana ataingia. Alijua Wayua atasimama. Alipogeuka, gauni lilichelewa nyuma yake, vile vile ulivyosema, na Kathini akaanza kulia, akisema, "Nimeona, Syokau. Nimeona." Mwanamisi alisimamisha filamu, akamwekea chai, akairudisha nyuma ili aone tena.

Jumapili hii, katika ibada ya kukukumbuka hapo Tawa, Kathini atasoma somo la kwanza. Ni mara yake ya kwanza. Gauni amelishona Kanini kwa cherehani yako; mikono inashuka hadi kwenye kiwiko, halafu inakazwa, na vifungo ni saba. Kabla ya kusoma, ataueleza ushirika alichokifanya Mbumbuni. Haya unayosomewa leo ameyaandika mwenyewe, kwa majuma matatu, na sisi tukayasikiliza kabla hayajasomwa.

Wanaokukumbuka ni binti yako Kanini na watoto wake. Mwanamisi wa Kitui. Kwaya ya kina mama, ambao wameambiwa magauni yao yametoka wapi na hakuna aliyevua. Na mdogo wako Kathini, aliyelichoma daftari lako kwa sababu hakutaka kwenda mikono mitupu. Anakuomba msamaha, mwanaa mwaitu, mbele ya watu wote.

Kila tukivaa, Syokau, tutakukumbuka.