Bahasha ya Zita Kwenye Kihenge cha Ulezi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Marsiana Vitus (Mama Zita)
Umri: Miaka 56
Elimu: Darasa la nne
Kazi: Mkulima
Makazi: Matanga, Sumbawanga
Tarehe: 18/07/2024, saa 2:20 asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Kwanza iandikwe kwamba Obed, dereva wa bodaboda mliyemweka ndani jana asubuhi, hakuiba bahasha ya mwanangu Zita. Niliichukua mimi. Ni hii hapa mezani, bado ina vumbi la ulezi.

Zita ni mwanangu wa mwisho. Mwezi wa tano alinikuta nachambua maharage akaniambia amepata ufadhili wa kusoma shahada ya pili Ulaya: siasa zao, utamaduni wao na fasihi yao. Nikamuuliza nani analipa. Akasema, "Wao wenyewe, mama. Ada, ndege, chumba, mpaka chakula."

Nikamwambia, "Wakulishe ili usome hadithi zao? Kwani wao hawana watoto wa kuzisoma?"

Alicheka sana. Akasema, "Mama na wewe! Wazungu wangapi wamekuja hapa kuandika habari za Wafipa, uliwauliza nani kawatuma? Si uliwachinjia kuku!"

Ni kweli niliwachinjia. Lakini sikutulia. Lucia, binti wa jirani yetu, aliahidiwa kazi nje, alipofika akanyang'anywa pasipoti. Alikaa huko miaka mitatu. Tangu arudi, hata salamu anaitikia akiangalia chini. Mama yake aliniambia, "Pasipoti ningeishika mimi, mwanangu asingeteseka." Neno hilo lilinikaa.

Mnamo tarehe 11/07/2024, Alhamisi, saa nane mchana, Zita alirudi kutoka mjini amepakiwa na Obed. Bahasha ilikuwa na pasipoti, vyeti na barua ya chuo. Akaiweka juu ya kabati, akaenda mazoezi ya kwaya. Mimi nilikuwa najaza ulezi kwenye kihenge. Nikaifunga bahasha kwenye mfuko wa nailoni isiliwe na panya, nikaitumbukiza katikati, nikamwagia ulezi madebe mawili, nikafunika na kukandika udongo. Kwetu kihenge kikishakandikwa hakifunguliwi ovyo.

Kesho yake Zita alipekua nyumba nzima. Akamwita Obed. Obed akasema, "Dada, nilikushusha hapa unayo kwapani. Au unadhani na mimi naenda Ulaya na bodaboda?" Zita hakucheka. Mimi niliinama nikachochea moto.

Tarehe 13/07, Jumamosi, jumuiya yetu ya kanisa ilisali kwetu kumwomba Mtakatifu Antoni, wa vitu vilivyopotea. Mwenyekiti akasema mwenye nyumba aanzishe sala. Nikaanzisha. Bertha, mama yake Obed, alikuwa amepiga magoti karibu yangu. Akaninong'oneza, "Usiogope, Mama Zita, Antoni hajawahi kuniangusha." Kihenge kilikuwa nyuma ya ukuta ule ule tuliouelekea.

Zita alitakiwa apeleke pasipoti ubalozini Dar es Salaam kuombea viza tarehe 17, saa tatu asubuhi. Tarehe 15 alikuja hapa kuripoti. Tarehe 16 alfajiri tulisikia honi ya basi la Dar barabarani, mimi kitandani kwangu, yeye kwake. Nilijua yuko macho. Nikasema moyoni, Jumatano ipite tu, nitaitoa, nitasema nimeiokota.

Jana saa kumi na moja jioni Bertha alikuja na kuku wawili. Akasema, "Mama Zita, niombee kwa binti yako, Obed atoke. Kama aliiangusha, tutamtafutia nyingine. Mimi sijui inatafutwaje, lakini tutatafuta."

Zita akamjibu, "Shikamoo, mama. Haisaidii tena. Chuo wamenijibu leo, nafasi amepewa mwingine." Akaingia ndani.

Wale kuku walikuwa chini, wamefungwa miguu. Nikachukua jembe nikabomoa kihenge mbele ya Bertha.

Zita alitoka akaona ulezi umemwagika na bahasha iko mkononi mwangu.  Alifungua pasipoti, akaitazama picha yake. Akauliza, "Mama, hukuniamini mimi, au hukuwaamini wao?"  Tangu hapo hajasema nami.

Afande, nilidhani nikiishika mimi hakuna wa kumnyang'anya. Sasa amenyang'anywa, na hakutoka hata nyumbani.

Naomba Obed aachiwe. Na kama ofisi hii inaweza kuandika barua chuoni, iandike kwamba Zita hakuzembea. Ni mama yake hakuelewa. Sina la kuongeza, wala hakuna aliyenituma.

Dole gumba la shahidi: (limewekwa)

Maelezo ya mwandikaji: Shahidi aliomba asomewe na binti yake. Nilikataa kwa kuwa binti ndiye mlalamikaji, nikamsomea mwenyewe, naye akakiri kuwa ni sahihi. Binti alikuwa kwenye benchi nje, mlango ukiwa wazi. Obed ameachiwa saa 3:40 asubuhi. Wakati wa kuweka dole, shahidi alikosa mstari mara mbili. Binti aliingia, akamshika kidole hadi mahali pake, akatoka. 

Koplo Salome