Mikebe Kumi na Minne ya Daku

Voi,
24 Ramadhani

Kwa Dada Nasiha,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta wewe na watoto mu wazima huko Taveta, na kwamba mguu wa Mama umepungua uvimbe. Mpe shikamoo yangu, lakini barua usimsomee. Nimeiandika kwa mkono na kumpa dereva kwa sababu nikipiga simu wewe huweka sauti ya juu, na Mama huketi hapo hapo. Mimi ni mzima, na saumu haijanishinda, alhamdulillahi.

Mama ameniuliza mara tatu kama Wakesho, mwenzangu wa chumbani, atakuja kwetu Idd. Hatakuja. Nakueleza wewe kwa nini, maana lazima mtu mmoja ajue.

Hostelini kwetu chuoni haturuhusiwi kupika wala kuweka chakula chumbani, eti panya. Jikoni hufunguliwa saa moja asubuhi, saa ambayo mwenye kufunga hana haja nayo. Basi mwaka jana nikajitungia daku lisilotaka moto: oats naziloweka kwa maziwa ya mala tangu jioni, nakatia tende, nafunika kwenye mkebe, nikiamka nala. Mfungo ulipokwisha nikaendelea hivyo hivyo, hicho kikawa ndicho chakula changu cha asubuhi. Nikamfundisha na Wakesho, maana alikuwa akienda darasani na njaa, na nakiri nilipenda kushukuriwa. Mtu akikushukuru kila asubuhi unajiona malaika.

Mwaka huu alirudi kutoka kwao Kishushe na unga wa wimbi ambao nyanya yake huukaanga kabla ya kusaga. Akauloweka kwa mala, akaponda ndizi, akatia tende, akanionjesha. Dada, ulikuwa mtamu, na tumbo linatulia hadi Magharibi. Kufika siku ya tano ya mfungo, wasichana kumi na wanne, mbali na mimi, walikuwa wanamletea mikebe awatengenezee. Mala na tende wanaleta wao, wimbi anatoa yeye, bure. Naye ni Mkristo, hakosi kanisani Jumapili. Tukifuturu, Mwanarusi wa mwaka wa pili akawa anamwombea dua kwa jina, na wengine wanaitikia amina. Mimi niliyemfundisha nilikuwa nimeketi hapo hapo, na hakuna aliyenitaja.

Nilimwonea wivu, wivu wa kusaga meno. Nikaanza maneno. Nikasema wimbi lake lina mchanga. Nikasema kwao Kishushe hata maji ya kunawa mikono ni ya bahati. Walicheka sana, kisha jioni wakapeleka mikebe yao kama kawaida.

Wiki mbili zilizopita, siku sita kabla ya mtihani wa mwisho, matron aliingia chumbani kwetu na kuinama chini ya kitanda cha Wakesho. Akatoa mikebe kumi na minne, kila mmoja una jina la mwenyewe. Akasema ameambiwa Wakesho anauza chakula, na mwenye kuuza haonywi, anatolewa hostelini. Wakesho akajibu kwamba hajawahi kuuza hata kijiko kimoja, na kama hasadikiwi basi niulizwe mimi. Nikaulizwa. Nikasema, na saumu mdomoni, kwamba mimi daku langu ni biskuti na mambo yake siyajui. Wenye majina yao wakaogopa kutolewa pia, wakanyamaza.

Voi hana ndugu. Alifunga sanduku akarudi Kishushe, ambako gari ni moja na barabara unaijua. Siku ya karatasi ya kwanza gari hilo liliharibika njiani. Alifika kwa bodaboda, vumbi hadi kwenye kope, akakuta mlango wa chumba cha mtihani umeshafungwa. Mimi nilikuwa ndani, nikamwona dirishani, nikaendelea kuandika. Atarudia mwaka mzima, kama kwao watakubali.

Aliyemwambia matron ni mimi. Hilo la kuuza nililitia mwenyewe, kwa sababu nilijua chakula cha bure kingemletea onyo tu. Mkebe wangu ulikuwa wa kumi na tano. Niliutoa mapema siku ile, nikalikwangua jina langu kwa kisu, nikautupa nyuma ya bafu.

Jana alinipigia simu. Nikajua ameambiwa. Kumbe hajui chochote. Alitaka kuniomba radhi kwa kuniingiza kwenye aibu mbele ya matron, tena nikiwa nimefunga. Alilia mpaka sauti ikakatika. Nikamwambia nimemsamehe.

Mama mwambie lolote utakaloona linafaa. Nitafika siku moja kabla ya Idd, inshallah. Wasalimie jirani wote, na watoto wabusu kwa niaba yangu.

Wako,
Rayhana