Boga la Samawati Kibarazani

Oregon, 12 Oktoba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, sijui mgongo wako unaendeleaje. Nimeona nikuandikie, maana simu zetu huishia kwenye ugomvi.

Nimekutumia boksi la vifutio, filimbi na stika za popo. Halloween hii, usiku ule watoto wanapopita mlango kwa mlango na ndoo wakiomba peremende, naomba upake boga rangi ya samawati, uliweke kibarazani. Wazazi wa watoto wenye mzio kama Wesley wakiliona hujua kwamba nyumba hiyo inagawa zawadi zisizoliwa. Ukinifanyia hilo, mwakani nitamleta mjukuu wako apite milango ya mtaani kwenu. Tangu ulipompa ile keki ya karanga ukisema mzio ni kudekezwa tu, tukaishia hospitalini, nimekuwa naogopa kumleta.

Binti yako,
Shauna

Ohio, 3 Novemba

Shauna mwanangu,

Marahaba. Mgongo unanisumbua nikipanda ngazi tu. Huyo mkorofi wangu hajambo?

Boga nililipaka, likapendeza hadi Gladys wa nyumba ya pili akaja kulipiga picha. Na hizo filimbi! Watoto walizipuliza mtaa mzima mpaka mbwa wakajificha. Sasa nianze kumngoja Wesley?

Mama yako

Oregon, 10 Novemba

Mama,

Shikamoo. Barua yako niliisoma jikoni nikalia. Wesley anawatambia wenzake shuleni kwamba bibi yake ndiye mwenye boga la samawati, na vazi la mwakani ameshachagua: zimamoto. Nisamehe kwa maneno niliyokutolea siku ile hospitalini.

Binti yako,
Shauna

Ohio, 28 Novemba

Shauna mwanangu,

Natumaini nyote wazima. Mimi mzima wa mwili tu.

Nilikudanganya. Boga nililipaka kweli, lakini boksi lako lilibaki kabatini, hata utepe wa gundi sikuubandua. Miaka thelathini nyumba hii inajulikana kwa chokoleti kubwa, siyo vile vipande vya kubania. Gladys alishaanza kunichokoza, "Mwaka huu unagawa na madaftari?" Nikaona aibu kuitwa bibi wa vifutio.

Saa kumi na mbili na nusu akaja binti mdogo, kavaa vazi la nyuki, ndoo yake tupu. Baba yake akasema, "Tumevuka mji mzima kwa ajili ya boga lako, mama." Nikamtilia chokoleti ya karanga. Hakuigusa. Alininyooshea ndoo akasema, "Hii siwezi, bibi. Naomba uitoe."

Nami nikacheka, Shauna. Nikamwambia, "Moja tu haiui." Maneno yaleyale niliyomwambia Wesley.

Baba yake akaitoa mwenyewe, akaiweka juu ya boga, wakaondoka. Nilipotoka na boksi, gari lao lilikuwa limeshakata kona.

Gladys aliwajua. Jana niliwapelekea boksi zima. Mtoto anaitwa Junie. Kwa adabu alichukua kifutio kimoja, akakigeuza, akatafuta maandishi nyuma yake aone kimetengenezwa kwa vitu gani. Kifutio, mwanangu! Nilisimama mlangoni kwa watu nisijue uso niuweke wapi.

Nisingeweza kumwacha Wesley aendelee kunisifu. Usipomleta, nitaelewa.

Mama yako

Ohio, 20 Desemba

Shauna,

Hamjambo? Krismasi njema. Kifurushi cha Wesley kina soksi tu.

Mama yako

Ohio, 4 Machi

Shauna,

Natumaini hamjambo. Leo Wesley anatimiza miaka minane. Mwambie bibi anamkumbuka.

Mama yako

Oregon, 9 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Mgongo je? Mwaka mzima nimeanza barua na kuzichana, maana hasira zilikuwa hazijaniisha. Bado zipo kidogo.

Tutafika tarehe thelathini. Wesley anajua yote, nilimsomea barua yako. Atageuza kila utakachompa asome nyuma, hata kifutio. Mngoje amalize, Mama. Na usicheke.

Binti yako,
Shauna