Sitwayen Otomatiki wa Pompe ya Maji Machafu

Kwako Mama Riziki, muke wangu, kule Kabalo,

Ninakutangazia rasmi, na ukipenda usimame: mimi mume wako nimepewa kofia mupya ya kazi. Ni ya plastiki, ya manjano, na inanibana masikio. Sasa ukae. Unaendeleaje? Na kikohozi cha mama yako kimepungua? Mimi niko muzima, isipokuwa moyo hautulii.

Unajua kazi yangu hapa Kalemie. Maji machafu ya hospitali na ya mitaa ya chini yanaingia ndani ya shimo letu, pompe inayasukuma mpaka kwenye mabwawa ya kuyasafisha. Pompe ikilala wakati wa mvua, yanarudi ndani ya nyumba za watu, halafu ziwani, palepale wamama wanachota. Kwa hiyo mimi na mwenzangu Kisimba tunachungulia shimo kwa zamu; maji yakipanda, tunawasha.

Mwezi uliopita shefu, mukubwa wetu wa kazi, akatukusanya: "Kuanzia sasa, mvua kubwa ikija ao umeme ukikatika, njo Otomatiki atashika pompe. Ninyi mutapumzika."

Kupumzika! Neno lile halikunipendeza hata kidogo.

Kisimba akaninong'oneza: "Huyu Otomatiki njo nani?"

"Shemeji ya shefu," nikasema. "Siku hizi kila sitwayen, kila mwananchi, amebadilisha jina kwa amri ya serikali. Ulifikiri huyu ataacha?"

"Lakini hata siku moja sijamuona kazini."

"Njo dalili ya shemeji."

Tukamungojea. Likaja sanduku la chuma, na mupira mweupe wa kuning'inia ndani ya shimo. Fundi akaeleza: maji yakipanda, mupira unaelea, sanduku linawasha pompe, na umeme ukikosekana, linawasha moteri ya mazuti, yale mafuta ya malori.

"Sawa," nikamuuliza, "na Otomatiki mwenyewe anafika lini?"

Fundi akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Shemeji unaweza kumupa chai, mukaelewana. Sanduku halinywi.

Juzi muchana mvua ikashuka, umeme ukakatika muji muzima. Shefu akatukataza kugusa kitu. Maji yakapanda, yakapanda. Kisimba akasali moteri iwake. Mimi, Mungu anisamehe, nikasali sala nyingine. Mara ikaunguruma yenyewe! Nikazunguka nyuma kumutafuta mutu aliyeiwasha.

"Papa Riziki," Kisimba akaniita, "angalia na chini yake!"

Nikaangalia.

Maji yakashuka, hakuna nyumba iliyolowa. Shefu akanipa mukono, tena mikono yote miwili, akaishika yangu kwa muda mrefu. Mukubwa akikushika hivyo, hesabu vidole vyako.

Unisalimie mama mukwe, mudogo wangu fundi wa baisikeli, na Riziki wetu. Umusalimie pia jirani anayekusomea hii. Jirani, soma polepole, na usiongeze yako.

Ni mimi wako, Papa Riziki.

Kazi wamemubakisha Kisimba, mimi wameniachia kofia. Mimi ninakuja na treni ya Ijumaa.